Usilale na Karanga

Mwanangu Feza,

Kama ninakujua vizuri, unasoma maneno haya jioni ya kwanza ya safari. Baiskeli mmeshaziegemeza, moto unawaka, nawe umejitenga kidogo na wenzako. Umeingiza mkono kwenye begi la nguo kutafuta mfuko wa karanga ulioficha kati ya sketi ya bluu na vitabu vyako vya kufundishia, na juu ya karanga umekuta karatasi. Usigeuke kuangalia nyuma. Mimi nipo Kasongo, na pengine saa hizi nagombana na kuku.

Nilikuona. Leo jioni, mkesha wa safari yako, wakati sote tulikuwa uani tukifunga mizigo, ulisema unaingia ndani kutafuta kitana. Ukapitia jikoni, ukachota karanga kwenye ungo, zile nilizokaanga na chumvi, ukazifunga kwenye nailoni na kuzisukuma chini kabisa ya begi. Ukatoka bila kitana. Sikusema neno. Ningesema mbele ya shangazi zako ungeona haya, halafu ungeninunia, nami ningekununia, na mimi na wewe tukianza kununiana tunajua kuendelea. Sikutaka uondoke hivyo. Basi nimengoja ulale, nimewasha taa, naandika.

Mambo mengi nitayaacha. Chandarua unajua kukifunga. Watoto wa watu utawafundisha ulivyofundishwa. Kuhusu wanaume sina jipya ambalo shangazi yako hajalisema, tena kwa sauti ya kusikika mpaka sokoni. Nataka kukuandikia jambo moja tu, namna chakula kinavyopaswa kulala njiani.

Labda utasema, mama naye, chakula tena. Lakini wewe mwenyewe unajua hali yako. Shule ya Wamaza imekupa darasa, mshahara bado. Jina lako litaingia huko kwa wakubwa siku litakapoingia. Shamba utalilima wewe, na muhogo haukomai kwa kuombewa. Katikati hapo utakula kilichopo juu ya baiskeli, mchele, maharagwe, unga, samaki wa kukaushwa, chumvi na mawese. Ndiyo maana tulikataa pikipiki. Pikipiki ingekufikisha haraka, wewe na begi lako, lakini ingekufikisha mikono mitupu. Chakula hiki kikipotea njiani, utarudi nyumbani kabla hujaizoea chaki, ama utakaa pale ukila kwenye sufuria za wazazi wa wanafunzi. Na mwalimu anayelishwa kwa huruma hawezi kumkemea mtoto wa mwenye sufuria. Nimewaona walimu wa namna hiyo. Wanaongea kwa sauti ndogo mpaka wanazeeka.

Kwa hiyo nisikilize.

Babu Bushiri, anayewaongoza, amewasimamisha kabla jua halijazama, pale njia inaposhuka kwenye kijito, baada ya kijiji cha mwisho. Umeona ni mapema, umeona miguu yako bado inaweza. Ndivyo inavyotakiwa. Mtapika upande mmoja na kulala upande mwingine, na katikati mtaacha nafasi ya kutosha hata mtu akiita kule kwenye moto, wewe unayelala usikie kwa shida. Maji ya kuoshea sufuria yamwage kijitoni, si nyuma ya kichaka kwa sababu umechoka. Mkishakula, utasikia babu anasema, “Chakula yote inapanda juu.” Hapo kila mtu anatoa alicho nacho.

Kichanja mtakikuta, wapitaji wa njia ile hawakibomoi, kila kundi linakitengeneza pale kilipooza. Ni miti minne iliyosimikwa na fito za juu. Kila mguu wa kichanja hufungwa kitambaa kilicholowekwa mafuta machafu ya pikipiki, ili siafu wasipande. Mafuta hayo yapo kwenye chupa ya bia pembeni ya mzigo wako, usiyachanganye na mawese, tafadhali, nakujua ukiwa na usingizi. Vitu vyenye harufu kali, yaani samaki, havikai kichanjani. Hivyo hutundikwa kwa kamba kwenye tawi, mbali na shina, na juu ya fundo kunapitishwa mfuniko wa bati uliotobolewa, panya akishuka na kamba anafika kwenye mfuniko anateleza. Baiskeli nayo inalala huko huko kwenye chakula. Ukiilaza karibu nawe kwa kuipenda, ujue gidoni yake, usukani huo, imeshikwa mchana kutwa na mikono yenye samaki. Mimi yangu panya walikula kiti.

Hayo babu angekuonyesha bila mimi. Sasa nikuambie asiloweza kukuonyesha.

Safari yangu ya kwanza kwenye njia hiyo ulikuwa bado hujazaliwa. Baba yako alikuwa Salamabila anachimba, na mimi nilichoka kungoja habari zake, nikapakia mzigo wa samaki na mawese nikasema nitakwenda kuuza kwa wachimbaji na kumwona mume wangu kwa macho yangu. Wasukuma baiskeli walinicheka. Mwanamke na kinga, yaani baiskeli, walisema, atafika kilima cha kwanza atatuachia mzigo. Bushiri peke yake hakucheka. Wakati ule hakuwa babu, alikuwa mtu wa shingo nene anayesukuma baiskeli kama hasukumi kitu. Alisema tu, “Kama anasukuma, asukume.”

Nikasukuma. Vilima vyote nilipanda bila kuomba mkono, na jioni tulipofika kwenye kijito mabega yalikuwa yanawaka lakini kichwa kilikuwa juu. Sasa nikamwona Bushiri anakusanya vyakula. Aliweka cha kwake kwanza, mchele na bido, yaani dumu, la mawese, kisha wenzake wakaja mmoja mmoja. Nikatoa mzigo wangu. Akaniangalia.

“Mama mugeni, iko kitu umebakisha?”

“Hapana. Nimetoa yote.”

“Hata kidogo?”

“Nimesema yote.”

Kiunoni, chini ya kitenge, nilikuwa nimefunga vipande vya samaki ndani ya jani. Si kwa njaa. Nilikuwa nimeshiba. Ni kwa sababu sikuweza. Wewe bibi yako wa kambo, aliyenilea mimi, hukumkuta. Nyumba niliyokulia ilikuwa na watoto wengi na sufuria moja, na asiyeficha alilala akisikiliza tumbo lake. Tangu nikiwa mdogo nilijifunza kwamba chakula kilicho mbali na mwili wako ni cha mwenzako. Nikawatazama wale wanaume wageni, nikajisemea, wakiamka usiku wakagawana mzigo wangu, angalau nitabaki na hiki. Nikalala nimejikunja juu ya samaki wangu, na usingizi ulikuwa mzuri sana.

Siafu hawakuja kwenye kichanja. Kichanja kilikuwa na mafuta machafu miguuni. Walikuja kwangu.

Wewe unawajua siafu wa mchana, wale wa kuruka ukicheka. Wa usiku hujawaona. Wanapanda kimya, mpaka wamekujaa, ndipo wanaanza wote pamoja. Niliamka wameshafika kwenye nywele. Nikapiga kelele, nikavua nguo zote mbele ya wanaume wale wote, na sikuona haya maana haya hazikuwepo. Nikakimbia gizani, nikagonga kitu kilichosimama, nikakishika na kujisugua nacho mwili mzima kama ng'ombe anayejikuna. Kilikuwa ni mguu wa kichanja.

Kikaanguka chote. Nilisikia bido zinapasuka. Mifuko ikachanika, mchele ukamwagika kwenye majani na mawese yakamwagika juu ya mchele, na siafu wakageukia huko, halafu wakageukia watu wote. Tukakimbilia kijitoni, wote, tukasimama ndani ya maji mpaka kiunoni. Na tulipokuwa humo tukaanza kusikia nguruwe pori. Walikuja familia nzima, wakubwa kwa wadogo. Hakuna aliyethubutu kutoka kuwafukuza, siafu walikuwa wametapakaa ukingoni. Tulisimama kwenye maji baridi tukiwasikiliza wanakula.

Bushiri akauliza gizani, bila kupandisha sauti, “Nani alilala na kitu?”

Wakanyamaza wote. Ningeweza kunyamaza na mimi. Nilitamani kunyamaza, Feza, nisikudanganye.

“Ni miye.”

“Nini?”

“Samaki. Kidogo tu.”

Mmoja wao akasema, “Siafu haiulize kama ni kidogo,” na mwingine akaanza kucheka, kicheko cha baridi, mpaka meno yakawa yanagongana. Bushiri hakucheka wala hakunitukana. Baadaye akaniambia, “Mama, huku hakuna mwizi. Mwizi ya hapa iko na miguu ine.” Basi. Akanirushia kitenge chake nijifunge.

Asubuhi tuliokota kilichobaki. Mchele wenye mchanga, chumvi, samaki wachache waliokuwa kwenye kamba, maana kamba haikuanguka. Walipika vyote katika sufuria moja na kugawa sawasawa, hata mimi nikapewa fungu langu sawa na la wengine. Nikashindwa kumeza. Bushiri akasema, “Kula. Mulima bado iko mbele.” Nikala. Ni chakula kigumu kuliko vyote nilivyowahi kula, na mchanga wake haukuwa tatizo.

Hadithi hii umeisikia, najua. Njia nzima huicheka. Ndiyo maana hata leo wasukuma wakipita hapa nyumbani wananiita Mama Siafu, na kesho njiani wewe utaitwa mtoto wa Mama Siafu. Usikasirike, jina nililipata kihalali. Lakini wao hawasimulii yaliyotokea Wamaza, kwa sababu Bushiri hakuwasimulia.

Bushiri hakuwa anaenda kuuza. Mchele na mawese yale alikuwa anampelekea binti yake aliyekuwa amejifungua mtoto wa kwanza. Mzazi asiyepata mawese na chakula cha moto ananyonyesha kwa shida, hilo kila mtu analijua, na kule kwa mume wake mwaka ule mavuno yalikuwa mabaya. Wenzetu walipitiliza, sisi wawili tukafika kwake mchana. Binti alikuwa amekaa kwenye mkeka, mtoto kifuani, amekonda. Akamwona baba yake na baiskeli tupu.

“Baba, mawese iko wapi?”

“Nguruwe walikula, mwanangu.”

Nilikuwa nimesimama nyuma yake. Hakugeuka. Hakunyosha kidole. Na yule binti, kwa sababu mimi ndiye niliyekuwa mgeni, akajaribu kuinuka na mtoto wake anipe kiti.

Siafu wote wale hawakuniuma hivyo.

Salamabila niliiacha kwanza, na baba yako akangoja. Nilibaki pale Wamaza nikichota maji, nikitwanga sombe, majani ya muhogo, nikienda kwenye mashamba ya watu kulima nipewe muhogo, mpaka uso wa yule binti ukaanza kurudi. Siku ya kuondoka nikamwambia kila kitu, samaki, kichanja, nguo, yote. Nilifikiri atalia. Alicheka mpaka mtoto akaamka. Halafu akaniuliza, “Na ile samaki, ilikuwa tamu?”

Sikuwahi kuionja. Siafu waliimaliza kiunoni kwangu.

Binti huyo ni Zuena, mwenyeji wako. Unakwenda kulala nyumbani kwake, na kile kibido cha manjano cha mawese, ulichouliza mara mbili ni cha nini wakati tayari una kikubwa, ni chake. Nimempelekea mengine miaka ya nyuma, lakini haya nimeyakamua mwenyewe na yanafika kwa mkono wa mtoto wangu. Yafike.

Sasa nirudi kwenye karanga zako.

Siwezi kukukaripia kwa ajili yake, maana niliyekufundisha kuficha ni mimi. Wewe labda unakumbuka kidogo, labda hukumbuki. Wakati wa zile fujo tulipokimbilia porini, ulikuwa unatembea mwenyewe na hukuwa unachoka haraka, nashukuru. Tulilala na watu tusiowajua, wenye silaha walikuwa wanapita, na wenye njaa walikuwa wengi kuliko wenye silaha. Kila jioni nilikuwa naweka karanga kiganjani mwako na kukuambia sikioni, “Ficha. Usimuonyeshe mutu.” Ulikuwa unageukia kwenye mti, unakula moja moja, polepole, bila kutafuna kwa sauti. Mtoto mdogo vile, bila kutafuna kwa sauti. Wakati ule nilikuwa nimeshaumwa na siafu, nilikuwa nayajua ya Bushiri, na bado nilikuambia ufiche. Na nilikuwa sahihi. Tulirudi nyumbani tukiwa hai.

Kosa langu lilikuja baadaye. Tuliporudi sikukuambia kwamba imekwisha. Nilifikiri mtoto anaona mwenyewe, sufuria imejaa, mlango umefungwa, anaona. Ukaendelea. Nilikuwa nakuta karanga chini ya mkeka wako, ndani ya kiatu cha kanisani, kwenye mfuko wa sare. Panya wakaingia nyumbani, nikakuchapa kwa sababu ya panya. Hukujitetea. Ulinitazama tu, na mimi nilikuwa na fimbo mkononi, sikujiuliza tabia ile uliitoa wapi. Nimekuja kujiuliza ukiwa mkubwa, na kila nilipotaka kulisema ulikuwa unatoka au mimi natoka. Basi nalisema hapa. Nisamehe fimbo ile.

Utaniuliza, sasa nitajuaje, mama, usiku gani ni wa kuficha na usiku gani ni wa kutoa? Swali zuri na sina jibu kubwa. Nina hili dogo. Mwangalie mkubwa wa kundi anaweka cha nani kwanza. Akiweka cha kwake kwanza, chake chote, mbele ya macho ya watu, na wewe weka chote. Akianza na cha wengine na cha kwake kikabaki kinazungukazunguka, funga mzigo, lala macho wazi, asubuhi rudi nyumbani, hakuna atakayekulaumu. Usiku ule Bushiri aliweka mchele wa mzazi kwanza. Nililiona kwa macho haya. Sikulitazama.

Leo ameshazeeka, hasukumi mzigo mkubwa tena, anakwenda kwa kuwa nimemwomba. Nilipomwomba hakuuliza malipo wala siku. Aliuliza, “Anaficha kama weye?” Nikamwambia hapana. Leo jioni nikakuona na ungo wa karanga.

Kwa hiyo inuka sasa, kabla giza halijashika vizuri. Chukua mfuko huo, nenda nao kwenye moto, usiupitishe nyuma ya mgongo. Watakucheka, acha wacheke, wanamchekea Mama Siafu. Zikiwa tamu mgawane mzimalize, karanga zilizo tumboni nguruwe hawazitafuti. Zikibaki mpe babu azipandishe. Nawa mikono kwa majivu, kung'uta sketi, angalia hata chini ya begi kama kuna iliyotoka. Ukilala utahisi kiuno kitupu. Mimi nilipita njia ile mara nyingi baadaye na kila usiku wa kwanza nilihisi hivyo. Hali hiyo haiishi, lakini usingizi unakuja hata ikiwepo.

Naogopa, mwanangu. Nimefunga mizigo yako kwa kelele na maagizo ili mtu asione, lakini naogopa, na siogopi siafu. Nyumba hii imezoea kukusikia ukisoma kwa sauti. Nilikuwa nakuambia punguza.

Jambo la mwisho. Barua hii nimeiweka pale pale kwenye karanga, ili mkono wako uikute. Imelala nazo na kusafiri nazo, sasa inanuka karanga na chumvi, na panya hajui kusoma. Nakujua, utataka kuiweka chini ya kichwa. Usilale nayo. Ikunje, itie kwenye mfuko wa samaki, babu aivute juu na vyakula vyote.

Utaikuta asubuhi.

Mama yako